Spika za Kabati la Evaristo

Waya ulikuwa umechomolewa. Yirlesa aliuona kwa macho yake mwenyewe, umelala sakafuni mbali na plagi, na bado ubao wa spika wa kushoto ulikuwa unanguruma. Haikuwa sauti ya kumfikia jirani. Ilikuwa sauti ya chini, ya kusikika kwa meno kuliko kwa masikio, na uji wa mtoto uliokuwa mezani ulikuwa ukifanya viduara juu, kimoja ndani ya kingine, kama dimbwi lililodondoshewa kokoto.

Alikwenda akaweka kiganja juu ya ubao. Ukanyamaza. Lakini ulikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Akambeba Dayra, binti yake wa miaka mitatu, akaenda naye jikoni, na hakurudi sebuleni mpaka mumewe alipoingia.

Arcesio alicheka. Alimwambia mbao zote za Quibdó hulalamika, maana mji unaonyeshewa asubuhi na jioni utakosaje mbao zenye kelele. Kisha akachomeka waya, akaweka sinema ya vita, na nyumba ikajaa sauti nzuri mpaka Yirlesa akaona haya kwa kuogopa.

Ni kweli zilikuwa nzuri. Arcesio alikuwa fundi wa redio, mtu mpole mwenye vidole virefu, na ndoto yake ilikuwa moja tu: sinema ndani ya nyumba yake. Projekta aliiokota ikiwa mfu akaifufua. Pazia likawa shuka la kitandani. Kilichobaki ni spika, na spika za sinema ni za watu wenye viyoyozi. Ndipo akajifunza kwenye simu kwamba spika haihitaji kasha. Unachukua spika ndogo ya redio mbovu, unakata karatasi yake, unabakiza sumaku na koili yake ya waya, unavigundisha nyuma ya ubao mwepesi, kisha unauning'iniza ubao kwa uzi. Basi ubao mzima unakuwa mdomo.

Alianza na povu jeupe, lile linalozungushiwa friji mpya ndani ya boksi, akalipaka gundi iliyochanganywa na maji ili likaze. Liliimba, ila kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Akasema kinachotakiwa ni mti mwembamba, mzee, uliokauka miaka mingi ndani ya nyumba.

Halafu siku moja, jua likiwa bado juu, alikuja na mbao mbili za mwerezi zimefungwa kwa turubai. Yirlesa alipomuuliza zimetoka wapi, alijibu zimetoka kwa seremala, tena alijibu akiwa amempa mgongo. Alizipiga msasa, akaziviringisha pembe, akaziba nyufa kwa vumbi la mbao na gundi. Alizigonga kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa limelala juu ya mti, akitafuta mahali mti unapoitika, ambapo huwa si katikati bali pembeni kidogo. Alipopapata alifumba macho kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akagundisha sumaku hapo, akazitundika mbao kwenye boriti kwa uzi wa kuvulia samaki, moja kila upande wa shuka.

Yirlesa hakuuliza tena. Alimpenda mtu huyu kwa sababu ambayo hajawahi kumwambia mtu yeyote. Yeye alikulia katika nyumba ambamo sahani ikiponyoka mkononi, watoto walikuwa wamekwisha fika uani kabla haijagusa sakafu. Katika nyumba ya Arcesio sahani ikivunjika, waliinama wote wawili wakaokota vipande, na mmoja akamtania mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani: mtoto wake hakujua mbio zile.

Siku zilezile walikuwa na msiba. Evaristo, baba mkubwa wa Arcesio, alikuwa mtu wa ngumi. Aliwapiga wanaume baa, akawapiga punda njiani, na nyumbani alimpiga mkewe Leocadia kwa miaka yote ya ndoa, mpaka watu wakazoea kumsalimia mama yule kwa kutazama pembeni. Alikufa mkono ukiwa juu. Kahawa ilikuwa imepoa, akainuka kutukana, tusi likafika nusu, mshipa ukapasuka kichwani, na nusu iliyobaki akaenda nayo.

Hata hivyo marehemu ni marehemu. Walimlilia usiku tisa, kama kila mtu anavyoliliwa kule, na wakamjengea kaburi la sebuleni: ngazi zilizofunikwa mashuka meupe, mishumaa, kitambaa cheusi kilichofungwa mfano wa kipepeo, na nyuma yake mbao zilizotoka kwenye kitu chake mwenyewe, kwa sababu roho huegemea hapo mgongo ikisubiri kuondoka. Kwa Evaristo walibandua milango ya kabati lake. Usiku wa mwisho Bibi Cenobia, anayeongoza nyimbo za wafu mtaani, aliimba mpaka alfajiri. Mishumaa ikazimwa mmoja mmoja, kaburi likavunjwa kwa mikono gizani, watu wakajipanga safu mbili, na roho ikafunguliwa mlango ipite kati yao. Vipande vikatupwa mtoni kabla ya kucha. Kazi ya Arcesio msibani ilikuwa taa na kipaza sauti, naye alishinda pale mchana kutwa akifunga nyaya nyuma ya kaburi, peke yake.

Jumapili iliyofuata baada ya ubao kunguruma bila waya, majirani walikuja na viti vyao. Wakaziba madirisha kwa mablanketi ili mchana uwe usiku, wakagawana ndizi za kukaanga na jibini, wakamsifu fundi. Plinio, mwendesha boti aliyekuwa hawezi kukaa bila kuchokoza, aliuzunguka ubao mmoja akiuchunguza.

"Arcesio, hizi ni spika au umebandua milango ya choo cha watu?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Arcesio. Yirlesa alimwona akiinama kwenye projekta kama aliyepoteza kitu.

Sinema ilifika mahali pa kimya. Mwanamke mmoja alikuwa anakoroga chungu, hakuna muziki, hakuna neno. Katika kimya kile, kutoka mbao zote mbili, wakasikia mtu anapumua. Alipumua kwa shida, kwa kohozi, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu akiwa na hasira. Harufu ya dawa ya nondo ikajaa chumbani, ile ya makabati ya wazee. Kisha ikatoka nusu ya neno. Halikuwa na mwanzo, lilikuwa na mkia tu, lakini kila mtu pale alijua kwamba mkia ule ni wa tusi.

Plinio alisema kwa sauti, "Huyo naye kala nini?"

Kiti chake kilibaki mahali pake. Yeye hakubaki. Kitu kilimpiga usoni kikamwinua, akapita juu ya vichwa vya waliokaa nyuma yake, akagonga ukuta, na kabla hajaanguka kikampiga tena palepale ukutani, mara ya tatu, mara ya nne, na kila pigo lilitokea kwanza kwenye mbao, ngoma nzito isiyo na mpigaji, ndipo likaonekana kwenye mwili wake. Taya lilihama likaenda upande wa sikio. Watu walikanyagana mlangoni. Mwanamke mmoja aliangukia sufuria la mafuta ya ndizi akaungua mkono wote. Shuka la sinema lilikuwa likipepea bila upepo, na juu yake yule mwanamke aliendelea kukoroga chungu chake.

Yirlesa alikuwa amelala juu ya mtoto wake chini ya meza. Aliona miguu ya mumewe. Haikukimbia. Ilisimama katikati ya mbao mbili, na vidole vilikuwa vinatetemeka kwa mpigo uleule wa mbao.

Plinio alipelekwa hospitali. Mtaani wakakubaliana kwamba ulikuwa umeme, kwa sababu umeme wa kule husingiziwa kila kitu nao haujitetei. Yirlesa alimwomba mumewe azishushe zile spika. Alijibu atazishusha. Aliomba tena kesho yake, na keshokutwa, naye akajibu vilevile, ila sauti ilikuwa inazidi kuwa nzito, kama inayotoka ndani ya kitu chenye mlango.

Aliacha kwenda kazini. Alivuta kiti akakaa kati ya zile mbao, mahali panaposikika vizuri kuliko pote, amplifaya ikiwa imezimwa, na akashinda hapo akisikiliza. Yirlesa akipita nyuma yake alisikia mnong'ono ukitoka kushoto na jibu likitoka kulia, na katikati aliona kichwa cha mumewe kikiitikia ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi. Mabega yake yalianza kupanda. Alianza kutembea akitanguliza kifua. Kucha zake za fundi, alizokuwa akizikata kila wiki ili azishike nyaya nyembamba, zilirefuka zikaingia uchafu, na alipokunywa maji alikuwa akikigonga kikombe mezani ili aongezwe, yeye ambaye maisha yake yote alijitekea mwenyewe. Dayra akaacha kumwita baba. Alimtazama tu kutoka mlangoni huku amejishika sketi.

Adhuhuri moja, mvua ikiwa imeufunga mji, Yirlesa alimpelekea mchuzi wa samaki na wali. Arcesio alitazama bakuli muda mrefu.

"Leocadia," akasema. "Hii ni nini?"

"Mimi ni Yirlesa, baba Dayra."

"Nimekuuliza hii ni nini."

"Ni mchuzi, mume wangu. Ni ule unaoupenda."

Hakuuona mkono ukija. Aliona sakafu. Mdomo ulijaa damu yenye chumvi, na kilichomtisha kuliko maumivu ni kwamba kofi lile lilisikika mara tatu, mara moja shavuni mwake na mara mbili kwenye mbao, kana kwamba nyumba ilikuwa inalionja. Arcesio alimshika nywele akamburuta mpaka ukutani, akamgonga kichwa, akarudia, na kila alipogonga mbao zilicheka kwa sauti ya chini ya mtu aliyeshiba, na bakuli lilikuwa limepinduka na mchuzi unatiririka chini ya kiti, na Yirlesa, katikati ya kugongwa huko, alikuwa anawaza jambo moja tu, kwamba asilie kwa sauti, mtoto asisikie, mtoto yuko uani, mtoto asije.

Ghafla mkono ukalegea. Arcesio alikuwa anautazama kama kitu kilichookotwa. Machozi yalimtoka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba, ya mbali.

"Mchukue mtoto muondoke. Siwezi kumzuia huyu zaidi ya hapa."

Yirlesa alikimbia mvuani, mtoto kifuani, mpaka kwa Leocadia. Mama yule alikuwa amekaa barazani akivuta sigara, moto ukiwa ndani ya mdomo, kama wanawake wa rika lake wanavyovuta. Alimsikiliza bila kumkatiza. Alimwangalia mdomo uliopasuka kwa jicho la mtu anayesoma mwandiko anaoufahamu.

Aliuliza swali moja tu. "Alikuita jina gani?"

"Lako, mama."

Leocadia aliitoa sigara, akaizima kwenye ukingo wa ukuta, akaingia ndani kuvaa viatu. Walipita kumchukua Bibi Cenobia. Yule bibi alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kiwiliwili chake, na njia nzima hakuimba wala hakuomba, alitembea tu akiwa amekunja uso. Panga lake la kukatia migomba lilikuwa limefungwa kiunoni.

Mlango ulikuwa wazi. Arcesio alikuwa amekaa kati ya mbao, kidevu kifuani, damu nyembamba inamtoka masikioni. Alipowaona alijaribu kusimama akashindwa. Leocadia hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa kulia, akapapasa ukingo wake, akakuta matundu ya bawaba yaliyozibwa. Kisha akashuka na kidole mpaka usawa wa kiuno, akakwangua gundi na vumbi la mbao kwa ukucha, na pakafunuka kijishimo kidogo kilichochongoka.

"Hapa ni pa jino langu," akasema. "Lilibaki ndani ya mlango nikalitoa kwa kisu. Arcesio, mwanangu, hili ni kabati langu."

Ndipo habari ikamtoka Arcesio, kwa vipande, huku akitapika maneno na mate. Siku ya mwisho ya msiba, akifunga nyaya nyuma ya kaburi, aliegemea mbao akasikia jinsi zinavyoitika. Alijua zitatupwa mtoni. Aliona ni hasara, mti mzuri vile kuozea majini. Alizibandua mchana, watu wakiwa jikoni, akaweka mahali pake mbao zake za povu jeupe na kuzifunika kwa shuka. Nani angejua? Gizani wakavunja povu. Wakalipangia povu safu mbili, wakalifungulia mlango, wakalitupa mtoni.

Bibi Cenobia alikaa chini kama aliyekatwa miguu. "Nilikesha nikiimbia uchafu wa friji," akasema taratibu.

Yirlesa alimshika mkono, akamwomba aimbe tena, aimbe sasa hivi. Yule bibi akatikisa kichwa. Mfu huimbiwa mara moja, akamweleza. Ruhusa ya kwenda hutolewa mara moja, na ya huyu ilikwisha kutolewa, naye hakuitumia kwa sababu mgongo wake ulikuwa huku. Sasa nyimbo zitapita juu yake kama maji juu ya jani. Roho ya namna hii haitumwi. Hutoka ikiwa inamfuata mtu, na mtu huyo aende mpaka mtoni bila kugeuka, na nyuma yake mbao zivunjwe zisibaki hata kipande cha kuegemea. Tena zivunjwe na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapa ni mwanamke, kwa sababu mwanamume keshachukuliwa.

"Amfuate nani?" Yirlesa akauliza kwa kunong'ona.

Leocadia alikuwa anafunga kitambaa kichwani, akikikaza kwa mikono miwili.

"Maisha yake yote hakujua kwenda popote ila nyuma yangu," akasema. Kisha akaugeukia ubao, akaongea nao kama unavyoongea na mtu aliye chumba cha pili. "Evaristo. Naondoka. Na leo sikupikii."

Nyumba ikapiga kelele. Haikuwa sauti ya mtu tena wala ya mnyama, ilikuwa kila kofi alilowahi kupiga likitoka kwa pamoja, vioo vikamwagika kutoka madirishani, projekta ikapasuka, mishipa ya shingo ya Arcesio ikasimama kama kamba, na Leocadia, aliyekwisha kuvuka kizingiti, akapigwa mgongoni akaanguka kwa magoti kwenye matope. Aliinuka. Akapigwa tena, kisogoni. Aliinuka tena akaendelea kutembea, na kitambaa chake kikawa kinaloa wekundu kutoka ndani.

Bibi Cenobia akamtupia Yirlesa panga.

Pigo la kwanza lilikata uzi wa ubao wa kushoto, ukaangukia pembe ukapiga yowe. Yirlesa akaurukia. Aliukata kama anavyokatwa nyoka, bila kuchagua mahali, na mwerezi mkavu uliruka vipande vyenye harufu ya nondo na jasho. Alipogeukia wa kulia, Arcesio alikuwa amesimama mbele yake. Macho yalikuwa ya mwingine. Alimpiga ngumi ya tumbo, akampiga ya shingo, akamkaba, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu, na kutoka kwenye ubao nyuma yake sauti ikawa inasema maliza, maliza, maliza, huku Bibi Cenobia akining'inia kwenye mkono wa mwanamume yule kama mtoto kwenye tawi.

Yirlesa alikuwa na panga. Shingo ya mumewe ilikuwa karibu kuliko ubao. Aliiona, na aliona pia kwamba kitu kilichokuwa machoni mwake kilitaka aione, kilikuwa kinamngojea. Akalirusha panga juu ya bega la Arcesio kwa nguvu yote iliyobaki.

Liliingia kwenye mti pembeni kidogo ya katikati, pale mti unapoitika. Ubao ukapasuka kutoka juu mpaka chini.

Arcesio akaanguka kama nguo iliyotoka kwenye msumari. Yirlesa hakungoja kuona kama anapumua. Alizipondaponda nusu zile mbili, akazikanyaga, akazing'oa sumaku zilizokuwa bado zimenata kwa gundi, na alipoinua kichwa hakusikia kitu chochote, wala mvua, wala Bibi Cenobia aliyekuwa anafungua na kufunga mdomo mbele yake. Masikio yake yalikuwa yanavuja. Akafuata kidole cha bibi kilichokuwa kinaonyesha nje.

Walikusanya vipande kwenye sketi zao wakakimbia. Dayra, aliyekuwa amefichwa kwa jirani, aliponyoka akawafuata.

Leocadia alikuwa amefika kwenye ngazi za saruji za mto Atrato. Watu wa sokoni walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, wamejipanga bila kuambiwa na mtu, safu mbili, kofia mikononi. Aliteremka akiwa ameinama, na kila hatua mgongo wake ulidunda kwa pigo lisiloonekana. Aliingia majini. Yakafika magotini, yakafika kiunoni. Wao walimwaga vipande, mto ukavichukua vyote, na maji nyuma ya Leocadia yakaanza kuchafuka, yakipigwa kutoka juu, yakiruka kama wanavyoruka samaki wengi wakizingirwa.

Hapo akageuka.

Bibi Cenobia alifunika macho. Yirlesa hakufunika. Aliona mama yule, aliyekuwa hajawahi kuinua mkono hata kumfukuza kuku, akinyoosha mikono miwili mbele yake na kushika kitu. Vidole havikukutana. Kulikuwa na shingo nene kati yao. Alipigwa usoni, nyusi ikapasuka, akapigwa mdomoni, kichwa kikarudi nyuma, lakini mikono haikuachia. Akasukuma chini. Akaegemeza uzito wake wote, mwili wa mwanamke mzee aliyebeba magunia na watoto na mapigo, na maji ya rangi ya kahawia yakachemka mpaka kifuani kwake, yakitupa povu na tope, na akabaki vile, ameinama, ameng'ata meno machache aliyobakiwa nayo, kwa muda ambao kila aliyekuwepo baadaye aliuelezea kwa namna yake. Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha moja moja.

Mto ukalala.

Alizidi kushikilia kidogo. Halafu akainua mikono, akaitazama pande zote mbili, akanawa palepale. Alipanda ngazi uso ukiwa umevimba jicho moja, akasimama mbele ya Yirlesa, na kwa kuwa Yirlesa alikuwa hasikii, alisoma midomo ya mama yule iliyopasuka.

"Sasa ndiyo amekufa."

Watu walimpokea, wakamfunika kwa koti. Nyuma yao, Arcesio alikuwa anakuja barabarani kwa kuyumba, akijishika kuta. Macho yalikuwa yake. Mabega yalikuwa yameshuka yakarudi mahali pake. Alikuwa analia kama wanavyolia watu waliopotea wakaonekana, na Yirlesa alijua, bila shaka hata kidogo, kwamba huyu ndiye mumewe, yule aliyeinama naye kuokota vipande vya sahani, na moyo wake ulimwendea kabla ya miguu.

Alifika. Aliona damu kwenye mdomo wa mkewe. Akainua mkono, taratibu, vidole virefu vikiwa wazi, ili amfute.

Dayra, aliyekuwa amesimama kati yao, aliuona mkono ukipanda. Hakulia. Alikunja shingo, akafumba macho, akaweka viganja vyake viwili juu ya kichwa, vizuri kabisa, kimoja juu ya kingine, kama jambo alilokuwa akilijua tangu zamani.

Mkono wa Arcesio ukabaki hewani mvuani, na mwenyewe hakujua aushushe wapi.